Je, mlevi aache kwanza ndipo tumpokee?

 

Katika toleo hili tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo hapa Kanama tumezoea kulisema kwa kunong'ona tu, nalo ni pombe. Hatutaki kurudia mahubiri ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyasikia. Kwamba ulevi unaharibu, hata mlevi mwenyewe anajua, tena anajua kuliko sisi sote. Swali letu ni jingine, nalo ni gumu zaidi. Mtu aliyefungwa na pombe akija mlangoni petu, je, aache kwanza ndipo tumpokee, au tumpokee kwanza ndipo apate kuacha?

Kwa muda mrefu sisi wachungaji na wazee tulijibu bila kufikiri sana: aache kwanza. Jibu hilo tulimpa baba mmoja ambaye jina lake hatutalitaja, ingawa wengi wenu mnamkumbuka. Kule Masisi alikuwa seremala. Alivuka mpaka na mke wake na watoto, akapita kambi ya mpito ya Nkamira kama familia nyingi za ushirika huu, kisha akakaa huku akitafuta vibarua. Alikuwa na sauti ya besi, na kwaya ikampenda. Baadaye tukaanza kusikia harufu. Wazee walimwita mara ya kwanza, wakamwita mara ya pili. Mara ya tatu tukamweka chini ya nidhamu, tukamtoa kwenye kwaya na kwenye meza ya Bwana, tukalisoma jina lake siku ya Jumapili mbele ya watu wote. Tukamwambia, "Baba, ukiisha kuacha, urudi." Yeye alikuwa mtu mtii. Hakuweza kuacha, basi hakurudi. Msimu wa mvua uliofuata tulimzika.

Hatusemi kwamba nidhamu ndiyo iliyomwua. Pombe ndiyo iliyomwua. Lakini tangu siku ile maneno yale, "ukiisha kuacha", yamekuwa mazito midomoni mwetu, na ndiyo sababu tunawaandikia.

Dhambi au ugonjwa?

Tukikaa na wazee wa kanisa, tunasikia kwamba ulevi ni dhambi. Tukienda kituo cha afya, muuguzi anatuambia ni ugonjwa. Watu wengine wanadhani lazima tuchague upande mmoja. Sisi hatuoni hivyo. Mtu akikanyaga msumari kwa sababu ya uzembe wake, uzembe ni kosa lake, lakini mguu ukivimba haukemewi, unatibiwa. Kumbe mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja, tena siku moja.

Neno la Mungu lenyewe linajua hali hii. Someni Mithali 23:29-35. Mwandishi anamweleza mtu aliyepigwa asijue kwamba amepigwa, naye akiamka jambo la kwanza ni kukitafuta tena kilichomwangusha. Huyo si mtu anayefurahia anasa. Huyo amefungwa. Na Shirika la Afya Duniani linaihesabu hali hiyo kati ya magonjwa, kwa sababu mwili na ubongo vikizoea pombe nyingi kwa muda mrefu, vinaidai kama vinavyodai maji.

Tena tusiseme kwamba hili ni balaa la wakimbizi peke yao. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Rwanda mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu 48 hivi katika kila 100 ni wanywaji, wakati mwaka 2013 walikuwa 41. Mwaka 2023 serikali ikaanzisha kampeni ya TunyweLess ili watu wapunguze. Majirani zetu Wanyarwanda waliotupokea wana machozi yale yale. Kiwanda cha bia kipo ufukweni mwa ziwa Kivu, urwagwa upo vijijini, na kanyanga, ingawa sheria imeikataza, inapatikana kwa anayeitaka. Hatuna kijiji kisicho na pombe ambacho tunaweza kumhamishia mtu wetu. Akipona, itabidi aponee hapa hapa.

Lakini mkimbizi ana jaribu lake la pekee. Ana vitu vichache, lakini ana saa nyingi. Mtu aliyekuwa na ng'ombe, au duka, au randa na msumeno wake, leo anaamka asubuhi na hakuna anayemngoja. Anasimama kwenye mstari na karatasi mkononi. Usiku anarudiwa na mambo aliyoyaona njiani. Kikombe cha kwanza hakimpi furaha, kinampa usingizi. Ndivyo kamba inavyoanza kusokotwa.

Nuhu baada ya gharika

Mkumbukeni Nuhu. Sisi wa Kanama tunaweza kuielewa habari yake kuliko wengine, maana usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya uliingia Mahoko, ukabomoa nyumba za watu, na katika maafa ya mvua ile nchini Rwanda walikufa watu zaidi ya 130. Tunajua maji yanavyoweza kupanda wakati watoto wamelala.

Ndani ya safina hatusomi kwamba Nuhu alilewa. Maji yalipopanda alikuwa imara. Alilewa baada ya gharika, alipokuwa ameokoka, ameshuka, amepanda mizabibu (Mwanzo 9:20-23). Biblia haituambii kwa nini. Lakini sisi tuliovuka mpaka tunaweza kukisia. Wakati wa kukimbia mtu hana nafasi ya kuanguka, kwa sababu amebeba mtoto. Anaanguka akiisha kufika.

Sasa tazameni watoto wake. Hamu aliona uchi wa baba yake, akatoka nje akasema. Alichosema kilikuwa kweli, hakusema uongo hata kidogo, lakini hakikumsaidia baba yake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaiweka mabegani mwao wote wawili, wakaenda kinyumenyume wakamfunika. Hawakukana kwamba baba amelewa. Hawakusema, "Tungoje azinduke kwanza." Walimwendea akiwa bado amelewa.

Wapendwa, kumfunika mtu na kumficha ni mambo mawili. Anayeficha anajifanya hakuna kitu, na kidonda kinaoza. Anayefunika anakijua kidonda, anakisogelea, na anamlinda mwenye kidonda asiwe kichekesho cha watu. Sisi, siku ile tuliposoma jina la yule baba mbele ya watu wote, tulifanya kazi ya Hamu tukidhani ni kazi ya Shemu.

Mgeni katika mji usio wake

Tuwape habari moja ya kweli. Mwaka 1935 Mmarekani mmoja aitwaye Bill Wilson alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, mbali na kwake. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, mfukoni hakuwa na kitu cha maana, na katika hoteli alimokuwa alisikia watu wakinywa. Alijua kwamba akikaa peke yake usiku ule ataanguka. Basi badala ya kuingia baa alikwenda kwenye simu, akatafuta namba za makanisa, akampata mchungaji mmoja, Walter Tunks. Mchungaji yule hakumhubiria. Alimpa majina ya watu. Kupitia majina yale Bill alimpata mama mmoja, Henrietta Seiberling, naye mama akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa akizama katika ulevi.

Dokta Bob alikuwa amesema atakaa dakika 15 tu. Walikaa saa nyingi. Alikuwa amewahi kushauriwa na watu wengi wema, lakini huyu alikuwa wa kwanza kumweleza ulevi kama mtu aliyeuishi. Baada ya hapo Bob alianguka tena mara moja. Bill hakumfukuza. Tarehe 10 Juni 1935 Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani chama cha walevi wasiotaja majina yao kamili. Leo vikundi vyake vipo katika nchi zaidi ya 150. Hakuna kiingilio. Sharti la kuingia ni moja tu, kutamani kuacha.

Angalieni sharti hilo tena. Si kuwa umeacha, bali kutamani kuacha. Swali letu la mwanzo lilijibiwa pale.

Nasi wachungaji tuangalie sehemu ya Tunks. Hakumponya mtu yeyote. Pengine hakujua hata la kusema. Lakini aliipokea simu, akawa daraja kati ya mtu mmoja na mwenzake. Tumekuwa tukidhani kwamba kazi yetu ni kumtoa mtu kwenye pombe kwa nguvu ya mahubiri. Huenda kazi yetu ni ndogo kuliko hiyo: kumkutanisha mtu na mwenzake aliyepita njia ile, kisha kuwapa benchi na kuondoka.

Wapo watakaosema hizo ni desturi za wazungu. Basi tutazame karibu. Mwaka 2005, katika dayosisi ya Kianglikana ya Byumba, hapa hapa Rwanda, vilianzishwa vikundi vinavyoitwa Mvura Nkuvure, maana yake niponye nami nikuponye. Majirani 10 hadi 15 wanakutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 15. Vilianzishwa kwa ajili ya majeraha ya vita na mauaji ya kimbari, si kwa ajili ya pombe peke yake, na baadaye viliwafikia ndugu zetu Wakongomani katika kambi ya Gihembe, na Kyangwali nchini Uganda. Tunapenda mpango wao. Wanaanza na usalama, kisha kuaminiana, kisha kujaliana, kisha heshima, na mwelekeo mpya wa maisha na kumbukumbu za machungu huja nyuma. Usalama ni wa kwanza. Mtu hasemi ukweli mahali anapoogopa. Sisi tulitaka ukweli kwanza, usalama baadaye, ndiyo maana tulipata uongo.

Benchi la Jumanne

Kwa neema ya Mungu, nyuma ya kanisa letu sasa kuna mabenchi mawili yanayotumika kila Jumanne saa tisa alasiri. Walianza watatu. Leo ni saba au nane, na siku ya mvua kubwa ni wanne. Wawili kati yao ni majirani zetu Wanyarwanda, nao wanazungumza Kinyarwanda na Kiswahili vikichanganyika. Wamejiwekea taratibu zao wenyewe:

1. Hakuna mchango, hakuna daftari la majina, hakuna zawadi.

2. Kila mtu anasema habari zake mwenyewe. Hakuna kumhubiria mwenzako wala kumsema asiyekuwepo.

3. Yanayosemwa pale yanabaki pale. Hata mchungaji haendi asipoitwa.

4. Aliyeanguka wiki hii anarudi wiki hii. Asifanye fujo tu. Harufu si sababu ya kumfukuza.

5. Kila mmoja ana mwenzake wa kumwendea saa ya jaribu. Siku pesa ya msaada inapoingia, hiyo ndiyo siku ya hatari, nao wanakwenda sokoni Mahoko wawili wawili na kurudi na unga wawili wawili.

Hatuna ushindi mkubwa wa kuwatangazia. Kuna waliokuja mara mbili wakatoweka. Yupo anayehesabu miezi, na yupo anayehesabu siku, na juma lililopita alianza tena kuhesabu kutoka moja. Lakini alianza akiwa katikati ya wenzake, na hilo yule baba wa kwaya hakulipata kwetu.

Onyo ambalo lazima tulitoe

Hapa tunaomba msikilize vizuri, hasa wenye huduma ya maombi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, anaweza kufa. Saa chache baada ya kuacha anaanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza anaweza kushikwa na degedege. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Ndugu, hayo si mapepo. Ni mwili unaodai ulichozoea. Kumfungia mtu wa namna hiyo chumbani afunge na kuomba siku tatu bila chakula wala maji ni kumweka katika hatari ya kifo, hata kama nia yetu ni njema. Mpelekeni kituo cha afya kabla hajaacha, na hali ikizidi apelekwe hospitali ya Gisenyi haraka. Zipo dawa za kumvusha siku hizo. Wenye ulevi mzito wanaweza kutumwa Kigali, kwenye hospitali ya Ndera ya magonjwa ya akili na kituo chake cha Icyizere. Tuombe, naam, lakini tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali.

Maswali ya wazee na ya wamama

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kwa uchungu kuhusu 1 Wakorintho 5:11, ambapo Paulo anakataza hata kula pamoja na mtu anayeitwa ndugu naye ni mlevi. Hatuwezi kuliruka andiko hilo. Lakini tulisome pamoja na 2 Wakorintho 2:6-8, ambapo Paulo huyo huyo anawaambia Wakorintho kwamba adhabu aliyokwisha kupewa mtu yule inatosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Kumbe Paulo alijua kwamba nidhamu inaweza kupita kiasi chake. Yupo mtu anayejivunia ulevi wake na kuwavuta vijana, huyo aambiwe wazi. Na yupo anayelia kila asubuhi na kulewa kila jioni. Tukiwatendea wote wawili sawasawa, tumemkosea mmoja wao.

Wamama nao wametuuliza: "Mchungaji, siri hiyo ya benchi ni ya kuwafunika wanaotupiga?" Hapana, wamama. Mtu anaposema kwamba alitamani pombe usiku, hiyo ni siri ya benchi. Lakini mkono unaompiga mke au mtoto hauna siri katika kanisa hili. Kituo cha Isange kipo hospitalini, na polisi wana namba 3512 kwa ajili ya ukatili wa namna hiyo. Mume anayepona anatakiwa kuwa wa kwanza kukubali hivyo. Na mama hana wajibu wa kubaki ndani ya hatari ili mume wake apate kupona.

Lipo na swali la mwisho, ambalo hatujalimaliza. Baadhi ya wamama wetu wanapika pombe na kuiuza, nayo ndiyo inayolipa madaftari ya watoto. Mmoja alituambia, "Mkinikataza, nipeni kingine." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ni rahisi kuhubiri juu ya chungu cha jirani huku kwako kuna akiba. Ushirika ukitaka chungu kile kipoe, ushirika wenyewe utoe mtaji wa viazi au wa sabuni. Tumeanza kuliongea na umoja wa wamama, na tunaomba mawazo yenu.

Ukiwa mbali na benchi letu

Tunajua kwamba familia nyingine huhamishwa, leo mko hapa, kesho mko Mahama au kwingine. Mkifika, ulizeni kituo cha afya juu ya afya ya akili, na mwulizeni mchungaji wa huko kama kipo kikundi. Kama hakipo, msingoje mradi wala bango. Akron walikuwa wawili. Shemu na Yafethi walikuwa wawili. Mtafute mtu mmoja mwenye shida kama yako, mkae mahali pasipo masikio ya watu, mwambie kweli yako kabla hujamwuliza yake. Yakobo alitufundisha kuungamiana na kuombeana ili tupate kuponywa (Yakobo 5:16). Hakusema tuponywe kwanza ndipo tuungame.

Basi, wapendwa, jibu letu tumelibadili, na tunaliandika hapa ili mtukumbushe siku tutakapolisahau. Mlevi akija mlangoni, aingie. Mjane wa yule baba bado yupo katikati yetu, na mwanawe mkubwa siku hizi anaimba besi. Tulimwomba mama huyo ruhusa kabla ya kuandika habari hizi. Alifikiri kidogo, akasema, "Andikeni. Lakini Jumanne mabenchi yakilowa, mtafute turubai." Turubai tumelipata.

Mungu awabariki na kuwalinda, ninyi na nyumba zenu zote. Amina.